Kisu Kinachomalizia Chenyewe

Fundi wa antena alikuwa na kisu kipya cha kukunja. Alikigusa kwa kidole gumba, springi ikamalizia kukifungua, ubapa ukachomoka: ta. Mama aliyekaa naye, mshonaji wa makochi, akavuta kikapu chake karibu.

"Kikunje, mwanangu. Basi lina watu."

"Nikiwa juu ya paa, mama, mkono mmoja umeshika nguzo. Cha kufungua kwa mikono miwili kitaniua."

"Na hicho kikijifungua mfukoni?"

"Hakifunguki mpaka ukisukume."

"Hata changu kilikuwa hivyo. Nilikitia mfuko wa aproni pamoja na funguo. Nikachuchumaa kuvuta kitambaa chini ya kochi, funguo zikakisukuma, kikafunguka. Nikashonwa paja, mimi ninayeshonea watu viti."

Nilikuwa kiti cha mbele yao, mgongo wangu ndio jirani wa ule ubapa, kwa hiyo nilikuwa upande wa mama.

"Sasa unataka nianguke?" Sauti ya fundi ilikuwa imepanda.

"Nimesema usikitie mfukoni."

"Nikitie wapi, kichwani?"

Akakikunja kwa hasira, akakisukumiza mfukoni mwa suruali, nikasikia kikigongana na spana.

Kituoni dereva akakanyaga breki ghafla, sote tukainama mbele. Nyuma yangu nikasikia: ta.

Nikageuka. Fundi alikuwa ameganda, viganja hewani, hathubutu kujitazama.

"Wa kushuka ashuke," kondakta akaita.

"Mwanangu," mama akasema polepole, "usisimame."