Viwiko Mezani: Miaka Thelathini na Mmoja ya Nejia Chaabouni

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bi. Nejia Chaabouni anaondoka katika Karakana ya Khazaf, Sfax. Anaondoka kwa sababu umri wa kustaafu umefika. Hakuna sababu nyingine, na mwandishi wa mistari hii hatakubali itajwe nyingine.

Aliajiriwa kuunganisha vyungu vya kale. Zana zake zilikuwa gundi, brashi na sinia la mchanga, ambamo kigae husimamishwa hadi gundi ikauke huku mkono ukipumzika. Miaka kumi na minne iliyopita tulianza kuunganisha vyungu kwanza ndani ya miwani ya uhalisia pepe, kabla ya kugusa gundi, ndipo wahandisi wakatuletea kiolesura chao, yaani kile kinachosimama kati ya mkono wa mtu na mtungi ambao haupo. Mtungi ulielea hewani. Mfanyakazi aliunyooshea mikono yote miwili na kuuzungusha kwa madaha. Wageni walipiga makofi. Miezi mitatu baadaye mwenzetu Wassila Ghorbel, aliyekuwa akivaa miwani hiyo saa sita kwa siku, alishindwa kuinua mkono kumchana bintiye nywele.

Bi. Nejia alibeba kiti chake hadi chumba cha wahandisi.

“Lella Nejia, hapa tunaandika programu,” aliambiwa, kwa neno letu la kumheshimu mwanamke.

“Andikeni, wanangu. Mimi nakaa tu. Nikichoka kukaa, nitawaambia mmekosea wapi.”

Alikaa miaka kumi na minne. Ni yeye aliyeuteremsha mtungi kutoka hewani: viwiko vikapumzika mezani, na kidole kikisogea kidogo juu ya meza, mtungi unaomzidi mtu kimo ukageuka wote. Ni yeye aliyekataa kigae kianguke au kirudi kilikotoka pindi kinapoachiliwa. Kibaki palepale, alisema, kama kilichochomekwa mchangani. Na ni yeye aliyetuwekea mtihani ambao hakuna toleo jipya linaloukwepa: mkono wa kulia ufanye kazi, wa kushoto ushike glasi ya chai ya lozi. Chai ikimwagika, au ikipoa bila kunywewa, kazi inarudi kwa mhandisi.

Miaka minne iliyopita niliingia hapa na shahada yangu na muundo wangu mwenyewe. Nilimweleza kwamba binadamu hushika kitu kwa mikono miwili, mbele ya kifua, na kwamba huo ndio uasilia.

“Una hakika?”

“Nina hakika, na nina vitabu.”

“Basi kaa, mwanangu. Mtungi mmoja tu. Vigae arobaini na viwili.”

Nilifika kigae cha kumi na tisa. Wakati wa chakula kijiko cha lablabi, supu yetu ya dengu, kilitetemeka mkononi mwangu hadi pilipili yake ya harisa ikaishia kwenye shati. “Mhandisi,” Wassila aliuliza kutoka upande wa pili wa meza, “vitabu vyako havikusema lolote kuhusu kijiko?” Tangu siku hiyo nimezisoma upya hoja zote za mikono hewani. Nyingi ziliandikwa na watu waliojaribu kazi yao kwa dakika tano.

Mwezi Machi mkurugenzi wetu, Bwana Mongi Kammoun, ambaye kwa heshima tunamwita Si Mongi, alitaka mikono hewani irudi kwa ajili ya maonyesho. “Wanunuzi wanataka kuona kitu, Lella. Vidole mezani havionekani!”

“Wanaotaka kuona mikono ikiruka waende sarakasi, Si Mongi. Wassila haruki. Wassila anafanya kazi.”

Bi. Nejia hakutia saini, na bila saini yake toleo halitoki, kwa kuwa fomu yetu ya idhini ina mstari aliouweka mwenyewe: “Limejaribiwa siku nzima na anayelitumia.” Wiki iliyopita tulipokea waraka wa uongozi kwamba mstari huo utaondolewa pindi atakapostaafu, kwa maelezo kwamba ulikuwa “desturi ya mtu binafsi”.

Mabega ya Wassila si desturi ya mtu binafsi. Kwa hiyo jarida hili liweke kumbukumbu, na uongozi usome: sisi wafanyakazi kumi na mmoja wa karakana tumekubaliana kwamba kuanzia tarehe mosi Julai, Wassila Ghorbel ndiye atakayetia saini mahali hapo. Fomu ikija bila mstari, tutauchora kwa rula. Atakayeona mikono hewani inafaa, kiti kipo, miwani ipo, na vigae vile arobaini na viwili vipo. Aanze asubuhi. Chai tutamletea.

Lella Nejia, asante kwa kila toleo ulilolikataa, nikianza na la kwangu. Nenda nyumbani na mabega mazima, uishi miaka mingi yenye afya na furaha, na mikono yako isiwe na haraka ya lolote. Kiti chako tumekiacha palepale ulipokiweka.