Siku Kidole Hakuamka

Benchi letu liko mbele ya kinyozi, chini ya bati lililochomoza kidogo kupita ukuta, na kila anayekaa pale ana sababu yake. Mimi nashona viatu hapo hapo pembeni. Profesa ndiye kinyozi mwenyewe, anatoka nje kila akimaliza kichwa kimoja. Breki aliendesha malori mpaka magoti yakamkatalia. Sponji anatengeneza masofa kwenye kibanda cha ng'ambo. Lakini siku hizo aliyekuwa akitukusanya ni Redio, fundi simu. Kulikuwa na kichekesho kwenye runinga, cha polisi mnene aitwaye Sajenti na mwizi mwembamba aitwaye Kidole, wanakimbizana kila jioni na hakuna anayeumia. Redio alikipenda mno, akaanza kujitungia visa vyake mwenyewe vya hao wawili na kuvituma kwenye kundi la mashabiki simuni. Asubuhi anatusomea sisi, kahawa ikiwa bado ya moto.

Mwanzoni Kidole alikuwa anateleza tu kwenye maji ya sabuni. Watu wakacheka. Halafu akakatika sikio, likaangukia kwenye supu ya Sajenti, Sajenti akalalamika kwamba nyama ni ngumu. Watu wakacheka zaidi. Baada ya hapo Redio hakushikika. Mkono ukang'oka, Sajenti akaufanya wa kujikunia mgongo. Utumbo ukamwagika, wakafungia mizigo juu ya basi. Kila kisa damu inaongezeka, na kila kisa kinachofuata Kidole yuko mzima, shati lile lile, anaiba upya.

Hakuna aliyecheka kama Sponji. Mtu mkimya yule, misumari mdomoni kutwa nzima, lakini ikifika pale Kidole anapoamka na kuuliza, "Nani amekalia mguu wangu?" Sponji anajipiga mapaja mpaka machozi yanamtoka.

Asubuhi ninayoisema, Redio alikuja anatabasamu tangu mbali. Benchini palikuwa na mgeni, mwanamke mshonaji aliyepanga chumba cha pili kutoka kwa kinyozi, futi yake ya kupimia shingoni. Ndiyo kwanza anakaa nasi.

— Kaeni vizuri, alisema Redio. Ya leo nimewamaliza.

Akasoma. Safari hii Sajenti hakuwepo. Kidole alikuwa amekamatwa na mtaa mzima: mawe, marungu, tairi. Redio hakuacha kitu. Jino liliruka likapasua puto la mtoto. Jicho likabingirika kama gololi, watu wazima wakaligombania. Fuvu lilipofunguka, ubongo ukawa kidogo mno hata waliokuwa wanapiga wakadai wametapeliwa. Breki alicheka mpaka akakohoa. Na mimi nilicheka, sindano mkononi.

— Kesho anaamkia wapi? Sponji aliuliza.

— Nani?

— Kidole.

— Haamki, kaka. Hii ndiyo ya mwisho.

— Haamki vipi?

— Amekufa kweli kweli. Nimemchoma mpaka vifungo vya shati. Watu kila siku wanadai damu zaidi, sasa mimi niende wapi tena?

Sponji aliweka kikombe chini ya benchi, taratibu, kama kitu kinachoweza kuamka.

— Mimi naona umezidisha, alisema Profesa kutoka mlangoni, mashine ya kunyolea mkononi. Damu ikizidi inaua utamu.

— Wacha wewe, alisema Breki. Damu ya simuni hainuki wala haichafui. Ndiyo raha yake.

— Hapana, raha yake mimi naijua, alisema Profesa. Kicheko kinatoka tumboni, si ndiyo? Na utumbo uko tumboni. Mtu akisikia utumbo wa mwenzake umemwagika, wa kwake unafurahi umebaki. Ndicho kicheko hicho.

— Hiyo umesoma wapi?

— Kwani lazima nisome?

— Basi sikia ya kwangu, alisema Breki. Wakubwa wa dunia wangesomewa visa vya Redio kila asubuhi, vita vingekwisha. Jenerali anasikia jicho limebingirika, anacheka, hamu inamwisha, anarudi kulala.

— Kwa hiyo wenye bucha wote ni wachekeshaji.

— Ni wachekeshaji! Umewahi kumwona mwenye bucha aliyenuna? Kutwa anakata, kutwa anatania. Damu inamsafisha mtu roho, bwana. Ingewezekana, hata shuleni...

— Samahani, kaka zangu, alisema yule mshonaji. Mimi mgeni, na hicho kichekesho sijakiona. Huyo Kidole aliiba nini?

— Ni mwizi, dada, alisema Redio.

— Hilo nimelisikia. Nauliza siku hiyo wanayompiga. Aliiba nini?

Redio akarudi kwenye simu. Alipandisha maandishi kwa kidole gumba, akashusha, akapandisha tena. Tulikuwa tunamtazama.

— Sikuandika, alisema.

— Simu, labda, alisema Breki.

— Suruali kwenye kamba, alisema Profesa.

— Suruali ya nani?

Profesa alipuliza nywele kwenye mashine yake. Ndani, mteja wake alikuwa ameketi, nusu ya kichwa imenyolewa, shuka shingoni, naye anasikiliza.

Ndipo Sponji aliposema, bila kumtazama yeyote:

— Mdogo wangu hakufa kwa ajali.

Msiba ule tulikwenda sote. Mimi nilishika jembe kaburini. Tuliambiwa gari lilimgonga kule sokoni, tukasema pole, tukabeba viti kurudisha tulikoviazima. Hatukuuliza gari gani.

— Nyumbani tulisema ajali kwa ajili ya mama, aliendelea. Mama alitaka kumwosha uso, tukamzuia. Tukamwambia kioo cha gari kilimharibu. Mpaka leo anaogopa magari, hakai kiti cha mbele. Mimi ndiye niliyekwenda kumtambua. Nilimtambua kwa soksi.

Breki alikuwa ameshika magoti yake yote mawili.

— Nilirudi sokoni kuuliza. Nikaanzia mwanzo, duka kwa duka, meza kwa meza. Nikasema, mimi sina ugomvi, nataka tu kujua alichukua nini, nirudishe. Wa nguo ananiambia muulize wa vyombo. Wa vyombo ananiambia ilianzia kwa wa nguo. Nilimaliza soko lote, dada yangu. Hakuna aliyeibiwa.

Mshonaji aliinamisha kichwa.

Redio alikuwa amegeuka rangi. Alisema, kwa sauti ndogo nisiyowahi kuisikia kwake:

— Kaka, mbona hukuniambia? Siku zote hizi mimi nasoma, na wewe unacheka kuliko sote.

— Kwa sababu alikuwa anaamka.

— Kidole?

— Unamkata, unamtoboa, unammwaga, mimi nakaa nangoja. Najua mwisho ataamka atafute mguu wake. Nilikuwa nakuja hapa kwa hilo tu. Nikirudi kazini, mikono inakuwa myepesi.

— Kaka, namfufua. Saa hii hii. Ni maneno mawili tu, kesho...

— Mfufue, alisema Sponji, akainuka. Wewe unaweza.

Akavuka barabara. Tuliisikia nyundo yake ikianza, ikanyamaza, ikaanza tena.

Redio hakuandika siku ile. Jioni kundi la mashabiki lilimjia juu: wengine wanamwita mvivu, wengine wanataka maiti ya Kidole nayo ikatwe vipande. Mmoja alituma picha ya kweli, ya mtu wa kweli barabarani, na vikaragosi vya kucheka chini yake. Redio alinionyesha hiyo tu, akazima simu. Alisema alitaka kumjibu yule mtu, akashindwa, kwa sababu maneno yaliyoandikwa juu ya picha yalikuwa ya Redio mwenyewe. Puto, gololi, vyote vilikuwepo.

Kesho yake alifika benchini mapema kuliko mimi. Sponji alichelewa, tukadhani haji. Alipokuja, mshonaji alisogea kumpa nafasi, Redio akamwekea kahawa mkononi. Profesa hakutoka na nadharia yoyote.

— Kaka, alisema Redio. Mdogo wako alikuwa mtu wa namna gani?

Sponji alinywa kwanza.

— Alikuwa anaogopa kuku.

— Kuku?

— Mtu mzima, ndevu zake hizi. Akimwona kuku mbele anageuza njia, anazunguka mtaa mzima. Anafika nyumbani kachelewa, jasho linamtoka, anasema alikuwa na mkutano.

Breki alijikaza asicheke. Alitazama juu kwenye bati, akatazama viatu vyake. Lakini Sponji mwenyewe ndiye aliyeanza kucheka, mabega yakimtikisika, na kahawa ikamwagikia vidoleni.

— Siku moja, alisema, jogoo aliingia chooni naye yumo...

Redio alikuwa ameweka mikono magotini, hana simu, anasikiliza.