Mama Mkwe Hakimbizwi Alfajiri

Mniwie radhi nianze na umri kabla ya vyeo. Nina miaka sabini na minne. Nimeishi kuliko farasi mia moja na kumi niliowalisha kwa mikono hii, kuliko mabanda mawili yaliyoanguka, na kuliko mameneja sita, ingawa hao sikuwazika kwa jembe, niliwazika kwa subira. Kustaafishwa nako nimekupita mara mbili. Barua ya kwanza ilikuja, ya pili ikaja, nikasema macho yangu hayaoni maandishi madogo, nikaendelea kufagia. Hii ya tatu mmeniletea pamoja na wageni na viti vya kukodi, nimekosa pa kujificha.

Sasa vyeo. Mheshimiwa Mwenyekiti wa chama chetu cha mbio, Ndugu Meneja, mshindi wetu wa ngao, Daktari wetu wa mifugo, wapanda farasi, wageni waalikwa mliokuja bandani na viatu vyeupe, wenzangu wa fagio na ndoo mliosimama kule nyuma kwa kuwa viti vimekwisha, na mke wangu, aliyeketi mstari wa mbele kwa kuwa hakumuuliza mtu. Nawasalimu nyote.

Nimeombwa nimsifu Ndugu Meneja. Nitamsifu. Sina choyo cha sifa, zangu nimeshajisifia za kutosha.

Ndugu Meneja alipokuja alitukuta gizani. Akabandika ukutani ratiba iliyofunikwa nailoni isilowe, na ratiba ikasema kila farasi atakimbizwa saa kumi alfajiri, kwa sababu mabingwa huamka mapema. Maneno mazuri sana. Yana kasoro moja tu, tena ndogo: mashindano yetu hufanyika saa kumi jioni. Lakini ni nani angeharibu mpango mzuri kwa jambo dogo kama hilo?

Mnamjua Mama Mkwe. Wageni msishtuke, simsemi mama yake mke wangu, Mungu amrehemu, yule nilimwogopa kwa namna nyingine. Huyu ni farasi jike mwekundu wa chumba cha saba. Tulimwita hivyo kwa sababu akipita, watu wote hushusha sauti. Miaka mitatu farasi wenzake hawakumjua sura, walimjua mkia.

Baada ya wiki sita za alfajiri, Mama Mkwe akaanza kubakiza shayiri. Akiamshwa, anatoka kama mzazi aliyeitwa shuleni kwa kosa la mtoto. Miguu anaiburuza. Jioni ya mashindano anapiga miayo mbele ya watu waliovaa wakapendeza kuja kumwona. Akamaliza wa tano, akamaliza wa nane, na siku moja akamaliza peke yake, wenzake wameshavuliwa matandiko.

Ndugu Meneja akatoa dawa: "Amezoea uvivu. Mwongezeeni mzunguko mmoja." Hekima hiyo sikuwahi kuisikia tangu nizaliwe. Ni sawa na kumwona mtu anazama, ukamwongezea maji ili ajifunze kuogelea.

Nikamwendea. Nikamwambia, "Bosi, huyu amechoka. Saa yake ya mwilini mmeivuruga."

Akasema, "Mzee, ratiba hii imeandikwa na wataalamu."

"Mama Mkwe ameisoma?"

"Farasi hasomi, mzee."

"Basi tuko wawili."

Ndugu zangu, miaka arobaini na tisa kila siku nimeweka kiganja changu kwenye shina la sikio la farasi. Alfajiri panakuwa na ubaridi. Jioni pana joto, hata kama mnyama ameshinda amesimama. Mwili wa farasi una jua lake humo ndani, linapanda taratibu, na kadiri linavyopanda ndivyo misuli inavyolainika. Ukimtimua kabla halijapanda, anakukimbilia kwa heshima tu, si kwa nguvu. Halafu ukimzoesha kila siku kwamba kazi ni alfajiri, mwili unajipanga upya: ikifika jioni unajua siku imekwisha, unafunga duka. Wewe unampiga mjeledi mwenye duka, na duka limeshafungwa.

Daktari hakuniamini, na alifanya vema, maana mimi hujiamini kupita kiasi. Akaja na kipimajoto, akampima Mama Mkwe alfajiri na jioni kwa siku kumi na mbili, mahali ambapo sitapataja na chakula kinakaribia. Mimi nilikuwa nachora mistari ya mkaa kwenye mlango wa stoo, mrefu kwa joto, mfupi kwa ubaridi. Tukalinganisha. Siku kumi na moja tulikubaliana. Siku ya kumi na mbili Daktari alikosea.

Akaipeleka karatasi yake kwa Ndugu Meneja. Jibu likarudi: "Kama si mvivu, basi amezeeka. Mwisho wa mwezi ujao anauzwa akavute matofali."

Hapa ndipo ninapoungama, na Mheshimiwa Mwenyekiti asikie vizuri. Kwa wiki tano zilizofuata, Mama Mkwe hakukimbia alfajiri hata siku moja. Nilimtoa chumbani kama ratiba inavyotaka, nikampeleka nyuma ya ghala la majani makavu, akalala. Kisha nikaweka tiki kwenye daftari. Tiki ndiyo herufi ninayoiandika vizuri kuliko zote. Jioni saa kumi, mpanda farasi wetu huyu mfupi asiyecheka akampanda, tukamkimbiza.

Siku ya kwanza aliniuliza, "Mzee, tukikamatwa?"

"Sema nilikulazimisha."

"Na wewe utasema nini?"

"Mimi mzee. Nitasema nimesahau."

Namshukuru kwa dhati Ndugu Meneja kwa kushika wakati. Saa tisa na nusu gari lake limeshatoka getini, mvua inyeshe, jua liwake. Angekuwa mtu wa kuzembea akabaki kazini, tusingefika popote.

Wiki ya pili Mama Mkwe akalamba ndoo. Wiki ya nne akamng'ata fundi wa kwato, nikajua amepona. Siku ya mashindano alishinda kwa urefu wa farasi watatu. Chama kikafungua daftari, kikakuta tiki thelathini na tano za alfajiri, kikampa Ndugu Meneja ngao kwa ratiba yake. Nilipiga makofi. Nilipiga kuliko wote, viganja viliniwasha.

Ningenyamaza hadi kaburini, maana farasi alishanusurika matofali, na ngao hailiwi. Lakini juzi imebandikwa ratiba mpya, nayo ina nailoni. Inasema kwamba, kwa kuzingatia mafanikio ya Mama Mkwe, kuanzia Jumatatu farasi wote ishirini na watatu watakimbizwa alfajiri, mizunguko miwili, naye akiwa mbele kama mfano. Na Jumatatu mimi sipo. Ni nani atakayemficha nyuma ya ghala? Mnataka kuwachosha ishirini na watatu kwa kumuiga mmoja aliyepona kwa sababu hakufanya mnachotaka kuwafanyisha?

Mheshimiwa Mwenyekiti, zawadi yangu ya kuagwa naiona pale mezani imefungwa karatasi ya kung'aa. Mpeni mwingine. Mimi nataka neno moja, ulitamke leo mbele ya watu, chakula hakijagawiwa: kwamba Jumatatu farasi wataachwa walale, na kazi yao itakuwa jioni, saa ambayo mnawadai ushindi. Na mkiona nilivyofanya ni kosa, basi ifuteni barua ya kunistaafisha mwandike ya kunifukuza. Nitaipokea. Hiyo nitaisoma mwenyewe.

Nawashukuru kwa kunivumilia, hasa mliosimama. Na kwa kuwa najua mtasema mzee amejitungia, mashahidi wangu ni hawa. Daktari, anayo karatasi. Mpanda farasi, ameinamisha kichwa, lakini ni yeye. Mke wangu, ambaye kwa wiki tano aliniona natoka kabla ya jua na kurudi jua limezama, akadhani nimeoa. Na shahidi wa mwisho ni Ndugu Meneja mwenyewe. Yeye ataapa kwamba jioni zote zile hakutuona hata mara moja, na atakuwa anasema kweli.