Marehemu Dada Yetu, Fundi wa Seva za Mbali

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nasimama kuwasomea maisha ya dada yetu, ambaye kazini walimwita Taratibu, na nyumbani tulimwita Dada, basi.

Alizaliwa tarehe 3 Mei 1979, katika zahanati iliyo nyuma ya shule ya msingi, mtoto wa pili kati ya watano wa baba fundi redio na mama mshonaji. Alisoma shule hiyohiyo hadi 1992, akaenda sekondari ya bweni, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu stashahada ya kompyuta tarehe 28 Novemba 2001, na tarehe 4 Februari 2002 akaajiriwa katika ofisi inayohudumia kompyuta za hospitali, chumba cha ghorofa ya tatu chenye madirisha yasiyofunguka, ambako kazi yake ilikuwa kutuma matoleo mapya ya programu, kwa njia ya mtandao, kwenye seva ambazo nyingine hakuwahi kuziona kwa macho.

Tarehe 9 Juni 2009, saa nne asubuhi, alituma toleo jipya kwenye seva ya hospitali iliyo kilomita mia sita kutoka ofisini, akakosea mstari mmoja wa mipangilio, seva ikakata mawasiliano, kompyuta zote za hospitali zikawa hazioni kitu, na wakati huohuo benki ya damu ilikuwa ikitafuta damu ya mama mjamzito aliyekwisha kulazwa kwenye meza ya upasuaji. Dada alipiga simu mara sita, hola, ya saba ikapokelewa na mtunza ghala wa hospitali hiyo.

"Mama, mimi si fundi," alisema yule bwana.

"Hata mimi leo si fundi, kaka, nimefunga mlango nikiwa nje, ufunguo umebaki ndani," Dada alimjibu. "Nenda kwenye kabati lenye taa za kijani, unisomee unachokiona, herufi moja moja."

Kwa dakika ishirini na tatu mtunza ghala alikuwa macho na vidole vya Dada, mara mbili akakosea, mara mbili wakaanza upya, huku nyuma muuguzi akisikika akiuliza, "Bado?", mpaka orodha ya akiba ya damu ikafunguka kwenye kompyuta, damu ikapatikana, na yule mama akatoka salama na mtoto wake.

Msimamizi alimshauri asingizie mtandao, lakini Dada aliandika katika ripoti, "Kosa ni langu," akapewa barua ya onyo, na tangu hapo hakutuma tena toleo kwa hospitali zote kwa mpigo, bali moja baada ya nyingine, ndipo jina la Taratibu lilipomshika.

Mtunza ghala aliendelea kupigiwa simu na Dada, kwanza kwa shukrani, baadaye bila sababu yoyote, na tarehe 18 Desemba 2010 wakafunga ndoa, wakajaliwa binti tarehe 11 Agosti 2012, na mvulana tarehe 2 Machi 2015.

Tarehe 15 Januari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Wiki iliyopita wenzake waliahirisha toleo la hospitali tisini na nne kwa ajili yake, habari zikamfikia kitandani, akamtuma shemeji yetu awaambie, "Msinisubiri mimi, wagonjwa wanasubiri." Walituma Alhamisi asubuhi, jioni shemeji akamwinamia akamwambia hakuna hospitali hata moja iliyopiga simu kuripoti hitilafu, Dada akatabasamu, na alfajiri ya Ijumaa, tarehe 14 Juni, akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, majirani waliotulindia nyumba, na wafanyakazi wenzake, ambao hawakumwacha.

Pumzika, Dada, kwa amani uliyowapa watu wasiokujua.