Shukrani ya Mtani kwa Bi Chausiku wa Viungo vya Nyuma

Ijumaa ya tarehe 27 Juni 2025, Bi Chausiku Abdulrahman anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu ya Msafara wa Pwani, hapa Mbagala, kwa miaka ishirini na miwili. Tangazo limebandikwa ubaoni na meneja wetu, Bi Demetria, na mhuri umepigwa, lakini bado wapo wanaolitazama kwa jicho la pembeni. Siwalaumu. Bi Chausiku amekwisha kutuaga mara nyingi. Aliwahi kutuaga akisema anaolewa Kunduchi na mwenye hoteli, na mara nyingine akatuaga kwamba ameitwa Tabora akawe malkia. Jumatatu tunamkuta kwenye benchi lake, kanga kiunoni, grisi mpaka viwikoni.

Mwandishi wa wasifu huu ni mimi, Tusajigwe wa mapokezi. Kazi hii nimeifurahia na imenichanganya. Nimetoka Tukuyu, nina miaka sita hapa, na mpaka leo sijui ni wakati gani Bi Chausiku anasema kweli na ni wakati gani anatania. Juu ya hayo nimekabidhiwa ujumbe. Benjamin, kiongozi wetu wa misafara, ana neno la shukrani ambalo amelihangaikia kwa miaka, na anataka limfikie Bi Chausiku kabla hajatoka getini kwa mara ya mwisho. Kila akijaribu kulisema mwenyewe, linageuka kichekesho. Nitaeleza kwa nini, ila twende kwa utaratibu, kama nilivyoagizwa na meneja.

Kwa mgeni anayesoma, kazi yetu ni kuwatembeza watalii kwa pikipiki kubwa za safari ndefu, zile zenye mabegi ubavuni na kiti cha kukalia kutwa nzima. Bi Chausiku aliajiriwa mwaka 2003 kuziosha. Pikipiki zikirudi kutoka Kimbiji huwa zimejaa chumvi na mchanga hadi mahali usipopadhania, naye alizipiga maji ya presha mpaka ukajiona usoni kwenye tangi. Wiki moja baadaye zikaanza kulia kwa nyuma. Fundi mkuu wa wakati ule, marehemu Mzee Romani, aligundua kwamba maji yale yalikuwa yakipenya kwenye viungo vya nyuma na kufukuza grisi yote. Hakumfokea. Alimpa spana, akamwambia kwamba aliyeitoa ndiye atakayeirudisha.

Ndivyo alivyoingia kwenye ufundi, na hakutoka tena. Pale nyuma gurudumu hushikwa na mkono mpana wa chuma, na mkono huo hupanda na kushuka kwa kuzunguka kwenye bolti moja ndefu. Chini yake kuna viungo vidogo vinavyouunganisha na shokapu. Bi Chausiku anaviita vyote nyonga. Pikipiki zetu nyingi hazina tundu la kupigia grisi pale, kwa hiyo hakuna njia ya mkato. Sharti gurudumu litoke, bolti ichomolewe, beringi zisafishwe kwa mafuta ya taa, zikaushwe, ndipo grisi mpya ishindiliwe kwa kidole. Wapo mafundi walioletwa kumsaidia wakapulizia mafuta kwa nje na kutangaza kwamba wamemaliza. Aliwaambia kwamba wameipaka pikipiki manukato bila kuiogesha. Pikipiki yenye nyonga kavu, kwa maneno yake, hulia kama kitanda cha gesti. Meneja aliniomba niuondoe mfano huo, nami nimesahau kuuondoa.

Sasa nifike kwenye utani, maana bila huo hamtaelewa kitu. Bi Chausiku ni Mzaramo wa Buguruni, kwao kwa babu na bibi. Benjamin ni Mnyamwezi wa Tabora. Wenyeji mnajua maana yake. Mimi ilinibidi nielezwe polepole, tena kwa mifano: watu wa makabila hayo mawili ni watani tangu enzi za misafara ya miguu, na mtani anaweza kukutukana, kukuficha viatu, hata kukuzulia kifo, na wewe ukikasirika ndiye mwenye makosa. Siku yangu ya kwanza kazini nilimsikia Bi Chausiku akimwambia Benjamin kwamba jeneza lake liko tayari na limenunuliwa fupi ili kubana matumizi. Nikataka kupiga simu polisi.

Kila msafara ulipotaka kuondoka, Bi Chausiku alimwendea Benjamin na kumtabiria ajali. "Mpagazi wangu, leo unaanguka Kongowe, mie nakwambia. Nyie mliumbwa kutembea na mizigo kichwani, haya mambo ya magurudumu mnayatafutia nini?" Benjamin alimjibu kwamba akianguka ataangukia nyumba ya Mzaramo, maana zote zimejengwa kwa maneno. Wanacheka, honi zinapigwa, msafara unatoka. Kama siku hiyo hakutabiriwa ajali, Benjamin alikuwa hana raha.

Mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Miaka minne iliyopita, mchana, siku moja kabla ya safari ya Kimbiji, Bi Chausiku alikuwa ameiinua pikipiki ya Benjamin kwenye jeki. Akautikisa mkono wa nyuma. Akautikisa tena. Kisha akamwita na kumwambia kwamba kesho asitoke na pikipiki ile, nyonga imekauka na ataanguka. Benjamin akacheka. Bi Chausiku akasema hatanii. Benjamin akacheka zaidi, kwa sababu hayo ndiyo maneno anayoyasema kila mara. Bi Chausiku akaapa kwa Mungu, Benjamin akajifuta machozi ya kicheko na kutuita tuje tuone Mzaramo alivyobobea kuigiza. Tukaenda. Na sisi tukacheka. Nilimtazama usoni nikamwona yeye hacheki, na sikujua hilo niliweke upande gani.

Asubuhi wageni walikuwa wamekwisha kuvaa helmeti. Benjamin alikuwa amemleta binti yake, Recho, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na kuahidiwa kupandishwa nyuma ya baba yake mpaka baharini. Pikipiki ilikuwa juu ya jeki bila bolti yake ndefu. Bi Chausiku hakuwepo. Tukampigia simu, naye akajibu kwa sauti ya mtu anayekunywa chai kwamba bolti iko kwenye mkoba wake, mkoba uko Buguruni, na leo mkoba haujisikii vizuri.

Pikipiki ya akiba haikuwepo. Benjamin aliongoza msafara ule akiwa ndani ya gari la mizigo, amebanwa na katoni za maji, Recho kando yake amenuna. Wageni walidhani hiyo ni mila yetu na wakampiga picha. Aliporudi Jumapili alikuwa anafuka, lakini mtani hakasirikiwi, kwa hiyo alisimama mbele ya benchi la Bi Chausiku akitabasamu kwa meno tu. Sijawahi kuona uso uliochanganyikiwa namna ile.

Bi Chausiku hakumtania. Alifungua mkoba akaiweka bolti juu ya meza. Ilikuwa imeliwa katikati kama muwa uliotafunwa, ina kutu nyekundu, na ubavuni mwake kulikuwa na ufa ambao hata mimi wa mapokezi niliuona. Vijiti vidogo vya ndani ya beringi vilikuwa vimebaki unga. Benjamin aliishika bolti ile, akaigeuza, akaigeuza tena, akaketi chini kwenye sakafu yenye mafuta na suruali yake safi. Njia ya Kimbiji ina kona za mchanga, na binti yake angekuwa nyuma yake.

Bi Demetria aliitisha kikao. Kuchukua kifaa cha ofisi na kukipeleka nyumbani bila ruhusa ni kosa. Kuzuia pikipiki mbovu isitoke ni sifa. Bi Chausiku aliposimama alisema, "Kama ni utani, nimemtania mtani wangu. Kama ni kazi, nimefanya kazi. Chagueni nyie." Tulijaribu kuchagua. Wengine walitaka apewe onyo, wengine zawadi, na Albano wa stoo alitaka kujua kama mkoba sasa umepona. Ililetwa chai, kikao kikaisha, na mpaka leo hakuna anayejua tuliamua nini.

Tangu siku hiyo Benjamin amekuwa akitafuta namna ya kusema asante, na hapo ndipo shida ilipo. Alimletea asali ya kwao Tabora. Bi Chausiku akaipokea, akatangazia yadi nzima kwamba mpagazi hatimaye ameleta mzigo, ila aonjeshwe kwanza paka. Alimwandalia hotuba fupi Sikukuu ya Idi, naye akaikatiza akiuliza nani aliyempa mtu wa Tabora ruhusa ya kusimama bila mzigo kichwani. Akajaribu kumshika mkono kimyakimya, Bi Chausiku akahesabu vidole vyake kuona kama vimebaki vyote. Watu wakacheka, na Benjamin naye akacheka, afanyeje? Siku moja nilimkuta nyuma ya stoo, akaniuliza, mimi mtu wa Tukuyu, eti mtu akitaka kumwambia mtani wake jambo la kweli anapitia wapi. Nikamwambia hata kwetu sijui.

Mengine ya Bi Chausiku ni mengi na nafasi ni ndogo. Baada ya kikao kile ilipitishwa kwamba hakuna pikipiki itakayotoka kabla yeye hajautikisa mkono wa nyuma kwa mkono wake, na akisema hapana, ni hapana, hata awe anacheka. Amewafundisha mafundi wanne, na Albano ameomba kuhamia benchi lake. Maji ya presha yamepigwa marufuku kwa nyuma. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema, na hapa kwetu kuta ambazo hazikujengwa ni kwa sababu yake. Wageni wengi wamekwenda na kurudi bila kumjua, nasi tunaomjua hatujawahi kumwelewa.

Ijumaa kutakuwa na pilau, na mshereheshaji ni Benjamin. Alidai kazi hiyo kwa haki ya utani, kisha jioni akanijia akiwa amenywea. Anajijua. Akishika kipaza sauti na kumwona Bi Chausiku kwenye kiti cha mbele, atatangaza kwamba tumekuja kumzika, watu watavunjika mbavu, na neno lake litapotea tena. Ndiyo maana ameniomba mimi niliandike hapa, kwenye karatasi itakayogawiwa siku hiyo, ambako hakuna wa kumkatiza. Nilimwambia aseme taratibu niandike. Alisema hivi:

"Mwambie Bi Chau, Recho sasa hivi anasoma uuguzi, yuko mwaka wa pili. Kila akinipigia simu namkumbuka yeye. Mwambie asante. Mwambie sitanii, Tusa. Andika hivyo hivyo, sitanii."

Nilimtazama wakati anasema. Mimi ni mtu wa kuchanganyikiwa, nimekiri, lakini hili nililiona vizuri. Alikuwa analia.

Basi, Bi Chausiku, sisi sote wa Msafara wa Pwani tunakushukuru kwa kazi uliyotufanyia, na tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi usio na kengele, na wajukuu wa kuwatania Buguruni. Ukishasoma hapa, mtazame Benjamin pale alipo na kipaza sauti chake. Ataanza kusema upuuzi. Tafadhali, kwa mara hii moja tu, usimjibu. Itikia kwa kichwa, ajue umempata.