Shingo Yangu, Uso wa Binti Yangu

Shikamooni wakubwa, na nyie wenzangu hamjambo. Mwenyekiti kanipa nafasi niseme. Mie si msemaji, mie ni mtu wa mpingo, basi mnivumilie.

Hapa Temeke mmezoea kuniona nimekaa chini kutwa nzima, gogo nimelibana kwa nyayo, tezo mkononi, kichwa nimekilaza kushoto. Ndivyo tulivyofundishwa kwetu kusini. Mwaka mmoja ikawa kila nikiinuka, au nikijigeuza kitandani, shavu hili linaingia ganzi, halafu vijisindano mpaka mdomoni. Nikitulia, vinaisha. Hakuna jeraha, hakuna uvimbe. Ndugu zangu, nawaambia, niliogopa. Ukivunjika mguu watu wanaona. Hiki nani atakiona?

Mjomba wangu akazitazama chale zangu za usoni, akasema, "Zinadai hizo. Wewe unazo, binti yako uso mtupu, yuko shule ya misheni. Mchanje mtoto, utatulia."

Kwetu neno la mjomba halijibiwi ovyo. Nikakubali, tena siku nikaichagua mwenyewe, Jumamosi.

Mama watoto akaja juu. "Vinakuchoma wewe, achanjwe yeye? Haki gani hiyo?" Nikamgombeza. Mwenye hofu hasikii.

Alhamisi nainuka na patasi mkononi, vikanijia, mkono ukateleza, nikajikata kidole gumba. Nikaenda zahanati. Dresa akinifunga bendeji akaniambia nitazame dirishani, nisione damu. Kugeuza shingo tu, vijisindano hivyo! Nikaruka. Akauliza, nikamweleza yote. Akaigeuza shingo yangu polepole, huku na huku.

"Mzee," akasema, "wengine vijisindano huwapata wakisimama ghafla, wana njaa au upungufu wa damu. Wengine ni hofu, wanapumua mbiombio. Wewe nadhani ni mshipa wa fahamu umebanwa shingoni. Kwani unafanya kazi gani?"

Nilipomwonyesha ninavyokaa, akacheka. Mie sikucheka, nilikuwa naiwaza Jumamosi. Akanionya pia: uso ukipinda au mkono ukilegea, nisingoje, nikimbilie hospitali kubwa.

Nikamwendea mjomba nikamwambia hapana. Alininunia miezi, leo tunakula sahani moja. Nikapumzika wiki sita kama dresa alivyoniagiza, kisha gogo nikalipandisha juu ya benchi, nanyi mkanicheka eti nachonga kama Mzungu yuko mezani. Chekeni tu, vijisindano vimekoma. Lakini wiki zile sita nyumba yangu ilikula unga na muhogo wenu. Asanteni sana. Namshukuru dresa, namshukuru na mama watoto, aliyegombezwa bure.

Ninalowaachia ni hili: mwili ukikusumbua, tazama kwanza unavyoutumia, na uende zahanati, kabla hujamtafuta wa kubebeshwa mzigo wako.

Binti yangu nilimwomba radhi. Akaniambia, "Baba, mie nilikuwa nimeshakubali. Nilitaka upone tu."

Nililia mbele yake, mtu mzima mie. Angekuwa amekataa, ningelala vizuri zaidi.