Mifuko Niliyoiosha Mimi

Ijumaa, tarehe kumi na moja. Vumbi tangu alfajiri, mlima hauonekani, na upepo wa joto unagonga madirisha. Nimeyaandika haya kabla ya kuja, maana nikisema bila karatasi nitajipendelea.

Asalaam alaykum, mama zangu na dada zangu wa kikao chetu hapa Nizwa. Shikamooni mlionizidi umri. Mimi skuli niliishia darasa la sita, nikikosea mnivumilie. Mwaka mzima nimekaa pale karibu na mlango nikisikiliza mitihani ya wenzangu, wangu siusemi. Leo nausema, kwa sababu kwenye mkeka wa nyuma wamo mabinti watatu waliosoma Ibra, na huyu nitakayemtaja bila jina wanamjua.

Nimezaliwa Tanga, nikaolewa huku Omani, nikafiwa na mume. Nikapata kazi ya kufagia katika skuli moja ya sekondari ya wasichana kule Ibra. Palikuwa na mwalimu wa bendi. Tulimwita Abla, kama wanavyoitwa walimu wanawake huku. Mama yake alikuwa mtu wa Unguja, na Kiswahili cha Abla kilikuwa cha zamani, kizuri kuliko changu. Bendi yake ilikuwa ya zumari za mfuko: mfuko wa ngozi unaubana kwapani, unaupuliza ujae, halafu vidole vinacheza kwenye bomba. Wasichana walikuja hawajui hata kushika filimbi, wakatoka wanakwenda mstari mmoja uwanjani, migongo wima. Kwa haki niseme alikuwa mkali. Sauti moja ikipotea alisimamisha bendi nzima. Msichana mmoja alilia, Abla hakumbembeleza. Alibaki naye baada ya masomo, siku baada ya siku, mpaka akaweza.

Ngozi ile ikikauka hupitisha pumzi. Kwa hivyo kila muhula Abla alichemsha asali na gliserini, akamimina ndani ya mifuko, akaisugua kwa mikono yake. Mimi sikuambiwa ni ya nini, wala sikuuliza. Nilichoona ni unato, harufu, na sisimizi.

Dada zangu, nisikilizeni hapa. Siku moja, kesho yake wageni wakubwa wanakuja kuisikiliza bendi, Abla ametoka kwenda kuchukua sare kwa fundi, na sisimizi wamepanga mstari kutoka dirishani hadi kabati la bendi. Hakuna aliyenituma. Labda nilitaka nisifiwe, labda nilitaka pawe safi tu. Nimejiuliza mara nyingi na sijui. Nikachomoa mabomba, nikaiosha mifuko yote ndani na nje kwa maji ya moto na sabuni ya unga, nikaianika juu ya paa. Jua la Ibra mnalijua. Magharibi haijaingia nikawa nimeshairudisha kama nilivyoikuta.

Asubuhi wageni walifika kabla ya wakati, Abla hakupata nafasi ya kujaribu. Akainua mkono. Wasichana wakapuliza. Pumzi ikatoka kila upande, mabomba yakalia kama mbuzi waliofungiwa. Wakapuliza tena, mashavu yamevimba, machozi yanawatoka. Wageni wakacheka, na wanafunzi nao. Mimi nimesimama nyuma ya nguzo na ufagio, nimeshajua. Abla hakuushusha mkono. Ulibaki juu muda mrefu.

Mkuu wa skuli, ambaye hakuwa mtu mbaya, alituita ofisini akauliza nani ameigusa mifuko. Nikafungua mdomo. Abla akanitangulia.

"Ni mimi. Nilikosea kuchanganya dawa."

Nikafunga mdomo. Hapo ndipo nilipoanguka hasa. Ile sabuni ilikuwa ujinga tu.

Bendi ikasimamishwa. Mwisho wa mwaka Abla akahamishiwa Sur, akafundisha wadogo kuimba, bila bendi. Sijui kama ni kwa ajili ya siku ile. Mama yake alikuwa mgonjwa huko Sur, huenda aliomba mwenyewe. Lakini Ibra walimwita yule aliyeharibu zumari. Mimi nikaacha kazi, nikaja hapa kwa mwanangu. Usingizi ukanikimbia. Honi ikilia barabarani, naziba masikio. Kila usiku niliandika daftari langu: tarehe, hali ya hewa, tulichokula. La katikati, lile la mifuko, sikuliandika.

Mpaka siku mmoja wenu, bila kujua lolote, aliposema kuna mwalimu wa kuimba huko Sur, aliyehamia kutoka Ibra, anaumwa mapafu, tumwombee dua. Nikaitikia amina. Nikamwomba mwanangu anipeleke.

Nilimkuta kitandani, mto nyuma ya mgongo. Nikamwambia, "Abla, ile mifuko niliiosha mimi."

"Najua, bibi wee," akasema. "Ilinukia sabuni kama nguo za arusi."

Nikamuuliza kwa nini basi. Akapumzika kwanza, maana kila neno lilimmaliza pumzi. "Ulikuwa na mtoto chuoni na kazi hiyo moja. Nikadhani mimi watanisamehe." Akatazama ukuta. "Hawakunisamehe."

Nikamuuliza nimfanyie nini. Akasema hakuna, siku ile hairudi. Kisha akanionesha kabati: mfuko mmoja katika ile ile niliyoiosha, mkavu kama gome. Akasema, basi upake huo. Nikachemsha asali na gliserini jikoni kwake, nikaileta, naye akaniamrisha, mkali vile vile: siyo hivyo, taratibu, usiache mishono. Nilipoupuliza mara ya kwanza ulivuja. Nikapaka tena. Mara ya pili ukavimba, ukakaa. Abla akaweka kiganja juu yake. Akataka aupulize mwenyewe, akashindwa. Akajaribu tena. Mimi nimekaa pale na mapafu yangu mazima, siwezi kumgawia hata pumzi moja.

Hakumaliza mwezi. Mungu amrehemu.

Sisemi nimepona. Nasema nalala, na hilo naweza kulishuhudia. Namshukuru mwanangu aliyeendesha gari hadi Sur bila kuniuliza kitu, na nyinyi mlionipa nafasi pale mlangoni bila kunisukuma niseme. Nanyi mabinti watatu, wapelekeeni wenzenu: Abla hakukosea dawa. Hakukosea hata siku moja. Mtu akikubebea kosa lako, dada zangu, mpokee angali hai. Mimi nilichelewa.

*

Nimerudi. Binti mmoja alinifuata kwenye viatu akasema, "Mama, siku ile na mimi nilicheka." Nikamshika mkono. Usiku tumekula mkate wa chila na asali iliyobaki kwenye chupa ya Abla, niliyorudi nayo kutoka Sur. Sisimizi wakaja mpaka kwenye sahani. Mwanangu akanyanyua kitambaa kuwafuta, nikamwambia awaache.